Hakuna Mwanamke Aliyemkata Njia Eom Chil-seong

Ndugu waombolezaji, wazee wa kijiji cha Garae, majirani wa tarafa nzima, wachimba makaa wenzake marehemu mliobaki, wana na wakwe, mimi naitwa Eom Bun-rye, nina miaka themanini na minane, ni dada yake marehemu wa tumbo moja, na ndimi niliyepewa kazi ya kusoma historia yake kabla hatujampandisha mlimani. Mwanawe mkubwa, Jae-hyeok, alinichapia ukurasa mmoja msafi wenye tarehe zote, nao nitausoma, sitaruka tarehe hata moja, lakini nimeongeza kurasa zangu za mkono, kwa sababu humu ukumbini, kwenye kiti cha karibu na mlango, amekaa mama mmoja ambaye kwa miaka arobaini na sita ameitwa muuaji wa mumewe, na aliyesababisha aitwe hivyo ni huyu tunayemzika. Mama huyo ameniomba jambo moja tu, kwamba niyaandike yote kama yalivyokuwa, niyasome mbele yenu, kisha karatasi nimpe yeye ampelekee mwanawe. Basi nivumilieni, macho yangu ni mabovu na shule yangu iliishia darasa la pili.

Marehemu Eom Chil-seong alizaliwa tarehe 3 Machi 1941, hapa hapa bonde la Garae, wilaya ya Surim, akiwa mtoto wa saba na wa mwisho wa mzee Eom Du-cheol na mama Pyo Sun-im, wakati huo Mjapani ndiye aliyekuwa mwenye nchi, na ndiye aliyeanza kuutoboa mlima wetu akitafuta makaa ya mawe. Wilaya hii haina tambarare ya kulaza ng'ombe wawili bila mmoja wao kuteleza, kwa hiyo baba yetu alifanya walivyofanya maskini wote wa Surim, alichoma msitu, akapanda viazi na mahindi kwenye majivu, na ardhi ilipochoka alihama akachoma kwingine. Siku mdogo wangu alipozaliwa theluji ilikuwa imefika kwenye paa la kibanda, mimi wa miaka mitano nikatumwa kumwita mkunga, mkunga akanitazama mlangoni akasema, "Mwambie mama yako asukume mwenyewe, mimi huko siendi," nikarudi na ujumbe huo, na mama akasukuma mwenyewe. Kati ya watoto saba tulibaki wawili, surua ilichukua watatu kwa wiki moja, mmoja alichukuliwa na njaa, na mmoja alichukuliwa na bomu ambalo mpaka leo hatujui lilikuwa la upande gani.

Kuhusu elimu, marehemu aliandikishwa shule ya msingi ya tarafa mwezi Aprili 1949, vita vikaingia Juni ya mwaka uliofuata, na majira ya baridi yale majeshi yalipanda bonde hili na kushuka mara nne, kila jeshi likituuliza tuko upande gani, sisi tukijibu upande wa viazi. Shule ilichomwa moto, masomo yakarudi mwaka 1953 chini ya turubai, naye akamaliza darasa la sita mwezi Machi 1957 akiwa na ndevu. Alisoma vizuri sana kwa mtoto wa mchoma misitu, barua zote za kijiji alizisoma yeye kwanza na kuwaandikia watu majibu, na sitaficha kwamba siri zote za kijiji hiki za miaka ile nilizijua kupitia kwake, maana alikuwa akimaliza kusoma barua ya mtu anapita jikoni kwangu.

Alilitumikia jeshi kuanzia tarehe 7 Mei 1962 hadi tarehe 12 Novemba 1964, akarudi mzima, na tarehe 11 Januari 1965 akaajiriwa katika mgodi wa makaa wa Uryong, handaki namba mbili. Wakati huo reli ilikuwa imeshafika, na watu walishuka kwenye treni kutoka kila upande wa Korea, wakulima waliofilisika, waliokimbia wake, waliokimbia polisi, mgodi haukumuuliza mtu jina la babu yake, mpaka wilaya ikawa na watu elfu themanini na tisa, leo tupo elfu ishirini na tano, na kati ya hao ukitoa wenye magongo sijui wanabaki wangapi. Tulikaa kwenye laini za kampuni, chumba kimoja na jiko, ukuta mwembamba kiasi kwamba jirani akipiga chafya wewe ndiye unayeitikia, na kwa vumbi la makaa hakuna aliyethubutu kuanika nguo nyeupe nje.

Tarehe 20 Oktoba 1966 marehemu alifunga ndoa na Ham Yeon-ok, binti wa wakausha samaki wa upande wa bahari, mwanamke mpole aliyetangulia mbele ya haki tarehe 6 Februari 2009, nao walijaliwa watoto wawili, Jae-hyeok aliyezaliwa mwaka 1968 na Mi-ran aliyezaliwa mwaka 1971, wote wapo hapa, na wajukuu wanne, ambao watatu wapo hapa.

Mpaka hapo ndio ukurasa wa Jae-hyeok unavyokwenda, halafu unaruka moja kwa moja kwenye kufungwa kwa mgodi mwaka 1991. Jana jioni nilimwambia kwamba ameruka. Akasema, "Shangazi, tafadhali, soma tarehe tu, baba amekufa, mwache alale." Nikamjibu, "Baba yako amelala siku mbili, yule mama hajalala tangu wewe una miaka kumi." Akasema, "Nina binti anatafuta mchumba, watu watasema nini." Nikamwambia watu watasema, nami ndiye nitakayewaanzishia, kwa hiyo waniseme mimi. Hatujaongea tena, lakini naona bado amekaa, hajatoka nje, na ninamshukuru kwa hilo.

Vijana waliokuja na basi la asubuhi hawayajui mambo ya mgodini, kwa hiyo nitayasema. Mchimba makaa alikuwa na miiko yake. Viatu vyake nyumbani viligeuzwa ncha zikatazama ndani ili arudi, handakini hapigi mluzi, panya wa handakini hamgusi, maana panya ndiye wa kwanza kujua mlima unapotaka kuanguka, na la kubwa kuliko yote, asubuhi anapokwenda zamu mwanamke hamkati njia. Sisi wanawake tulijibanza nyuma ya kuta na ndoo zetu, tukisubiri suruali zote zipite, hata kama mkojo umetubana, maana mwanamke akivuka mbele ya mchimba makaa, basi mwanaume yule alikuwa na haki ya kugeuka kurudi nyumbani, na nyapara hamuulizi neno. Mwanaume akisema anaumwa, ataambiwa ni mvivu, akisema anaogopa, atachekwa mpaka afe, lakini akisema amekatwa njia, hata mwenye kampuni ananyamaza.

Alhamisi ya tarehe 9 Novemba 1978, alfajiri, zamu ya asubuhi haijaingia, marehemu alikuja jikoni kwangu, akaketi kwenye kizingiti, taa ya kichwani mkononi. Mume wangu alikuwa bado hajatoka zamu yake, tulikuwa wawili tu. Akasema, "Dada, ukuta wa mwisho kule ndani unatoa jasho." Nikamuuliza jasho gani. Akasema, "Maji mekundu, ya kutu. Na panya sijamwona tangu juzi." Mimi ni mke wa mchimba makaa, nilijua maana yake, maji mekundu ni maji ya zamani, yamelala kwenye mahandaki aliyoyaacha Mjapani bila ramani, na ukuta ukianza kuyatoa jasho basi nyuma yake kuna ziwa.

Nikamwambia, "Mwambie nyapara Gu." Akasema, "Nimwambie nini, kwamba naogopa maji? Mwezi huu wanatafuta rekodi, bendera imeshashonwa, atanicheka mpaka chooni." Nikamwambia, "Basi usiende." Akasema, "Nitasema nini?" Nami nilikuwa napakua viazi, sikufikiri hata pumzi moja, nikasema, "Sema umekatwa njia." "Na nani?" "Na nani tena, na Mama Jin-gu, si ndiye anayetangulia kisimani kila siku." Akacheka, ndugu waombolezaji, alicheka, akasema, "Dada, wewe ni shetani kabisa," nikamwambia ale viazi vyake vinapoa.

Mtaniuliza kwa nini Mama Jin-gu. Jina lake ni Tak Ok-rim, alikuwa na miaka thelathini na mmoja, chumba cha tatu kutoka kwangu, mtoto wake Jin-gu alikuwa na miaka mitano, na hakuwa amenikosea jambo lolote ila wiki ile kisimani, mbele ya wanawake, alikuwa amesema soya yangu ya kuchacha inanuka soksi. Ni hilo tu. Nimelitafuta lingine miaka yote hii, nikakosa.

Marehemu akaenda mpaka lango la mgodi, akamwambia nyapara Gu kwamba Mama Jin-gu amemkata njia penye daraja, akageuka. Kikosi kile kilikuwa cha watu kumi na wawili, na mwezi wa rekodi nafasi haiachwi wazi, nyapara akasema, "Mke ndiye aliyeharibu, basi mume ndiye atakayeziba," akatuma mtu laini kumwamsha Bang Sang-cheol, baba yake Jin-gu, ambaye alikuwa amelala kwa muda wa saa tatu tu baada ya zamu mbili mfululizo. Nilimwona akitoka anafunga mkanda. Mkewe alisimama mlangoni na kifurushi cha chakula, hakuelewa kwa nini mumewe anaitwa, alikuwa bado hajatoka ndani siku hiyo, nawaambia, hata kizingiti alikuwa hajakivuka, mtoto alikuwa na homa na maji ya kisimani walikuwa wameletewa na jirani. Nilikuwa nimesimama hatua ishirini kutoka pale. Ningeweza kusema. Nilifikiri, atarudi jioni, yataisha, tutacheka.

Saa tatu na dakika arobaini asubuhi maji yalivunja ukuta. Waliingia wanaume kumi na wawili, hakutoka hata mmoja akiwa hai, ilichukua siku kumi na moja kuwatoa wote, na wa mwisho kutolewa alikuwa Bang Sang-cheol, maana alikuwa ameingia wa mwisho na alikuwa amepewa sehemu ya ndani kabisa, ile ya marehemu mdogo wangu.

Wajane kumi na mmoja walimfuata Mama Jin-gu kabla hata mumewe hajapatikana. Walimmwagia maji ya kuoshea makaa, wakamkata nywele kwa mkasi wa kukatia kitambaa, wakamwambia amewaua wanaume kumi na mmoja wa watu na wa kwake mwenyewe akawa wa kuongezea, yeye akirudia neno moja, "Sikuvuka, sikuvuka," nao wakimwambia, "Chil-seong amekuona, Chil-seong ana sababu gani ya kusema uongo?" Mimi nilikuwepo. Na msifikiri nilinyamaza, kunyamaza kungekuwa nafuu. Nilisimulia. Kila aliyenijia nilimsimulia, na kila nikisimulia niliongeza kidogo, maana hadithi ikiwa kavu mtu haimezi, nikaweka ndoo iliyomwagika penye daraja, nikaweka kitambaa chekundu kichwani, nikaweka kwamba alimtazama Chil-seong akacheka. Kufika majira ya kuyeyuka theluji, wilaya nzima ilijua kitambaa kile ni chekundu cha namna gani.

Kampuni iliwapa wajane kazi ya kuchambua mawe kwenye makaa, ndio ulikuwa utaratibu, lakini wale kumi na mmoja walikataa kusimama naye kwenye mkanda mmoja wa kupitishia makaa, akaacha kazi mwezi Machi 1979, na chumba kikachukuliwa. Akapanda juu na mtoto, kule ambako serikali ilikuwa imewaondoa wachoma misitu miaka michache nyuma na matajiri wa mjini wakageuza miteremko kuwa mashamba ya kabichi, akafanya vibarua vya kabichi kiangazi, na baridi ikiingia akaning'iniza samaki kwenye miti ya kukaushia huko upepo unakopita kama kisu, vidole viwili vya mkono wa kushoto viliachwa kule. Mwaka 1980 lilisimamishwa jiwe la ukumbusho la wale kumi na wawili, na kila tarehe 9 Novemba jamaa zao hula pamoja pale, yeye husimama kwenye kona ya barabara mpaka wote waondoke, ndipo anapokwenda na bakuli lake. Hata leo, mama wa miaka sabini na saba, akifika barabarani akaona suruali inakuja, anasimama kando mpaka ipite. Mwezi wa tisa nilimwona mjini kwenye taa za kuvukia, taa ya kijani ikawaka, mvulana wa shule akawa anakuja upande wa pili, mama akasubiri, taa ikarudi nyekundu.

Na huyo Jin-gu alikua akiambiwa shuleni kwamba mama yake alimuua baba yake. Mwaka 1992, akiwa na miaka kumi na tisa, alipanda treni kwenda Ansan viwandani, na neno lake la mwisho kwa mama yake lilikuwa, "Mama, ungechelewa kuamka siku moja tu." Tangu hapo hajarudi, si sikukuu ya mavuno, si mwaka mpya, miaka thelathini na miwili.

Sasa mtauliza marehemu alifanya nini. Marehemu alirudi kazini baada ya wiki tatu. Watu walimwona mwenye bahati, vijana wageni wa mgodini walimgusa kwenye mkono wa shati kabla ya kuingia, naye aliwaacha waguse. Alichimba miaka kumi na mitatu mingine, mpaka mgodi ulipofungwa tarehe 30 Septemba 1991, serikali iliposema makaa yetu hayana faida tena, na nusu ya wilaya ikapanda treni ile ile iliyowaleta. Mama Jin-gu akipita marehemu alitema mate chini kama wengine, na zaidi ya wengine, maana wengine walikuwa wakitazama kama yeye atatema. Siku moja nilimwambia, "Chil-seong, kutema si lazima." Akasema, "Nisipotema watajua." Viazi vya jikoni kwangu hakula tena mpaka anakufa.

Baada ya mgodi alilima kabichi, na kuanzia tarehe 1 Aprili 2006 hadi tarehe 31 Desemba 2013 alikuwa mwongozaji katika jumba la kumbukumbu ambalo wilaya ilijenga kwenye handaki namba mbili, baada ya wakubwa kugundua kwamba pasipotoka makaa panaweza kuingia watalii. Wengi wenu mlijivunia kumwona na kofia mpya. Mle ndani kuna sanamu ya mwanamke wa plastiki anayevuka barabara na ndoo, amevaa kitambaa chekundu kichwani, kitambaa changu, na kwa karibu miaka minane marehemu alisimama mbele ya sanamu ile, mara nne kwa siku, akiwasimulia watoto wa shule na watu wa Seoul jinsi mwanamke mmoja alivyomkata njia akamwokoa yeye na kuwaua wenzake. Wilaya ilimpa cheti tarehe 5 Mei 2012. Jae-hyeok amekitaja kwenye ukurasa wake, nami nakitaja.

Ugonjwa wa vumbi la mapafu uligunduliwa tarehe 14 Juni 2011, oksijeni alianza kuitumia nyumbani mwaka 2017, na tarehe 2 Oktoba mwaka huu wa 2024 alilazwa hospitali kwenye wodi ya wachimba makaa, vitanda sita, watu sita wote wakivuta hewa kwa mpira. Tarehe 17 Novemba, Jumapili mchana, nilikwenda peke yangu. Akanishika kidole akasema, "Dada, lile jambo." Nikasema ninalijua. Akasema, "Liseme, ila usiliseme mpaka nimefunikwa udongo." Nikamwambia, "Ukifunikwa watu watakuwa wanakunywa supu, nani atanisikiliza? Nitalisema kabla." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nesi akaja, akaenda, na alipopata pumzi akasema, "Basi sema. Lakini sema nilikuwa naogopa." Ndiyo nasema, mdogo wangu alikuwa anaogopa. Aliona maji mekundu na aliwajua kwa majina watu kumi na mmoja waliokuwa wanakwenda kusimama mbele ya ukuta ule, akaona haya kusema neno naogopa, na mimi nikampa neno jingine. Alifariki Alhamisi tarehe 21 Novemba 2024, saa kumi na robo jioni, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu, miezi minane na siku kumi na nane.

Jana asubuhi, kabla sijawaambia nyinyi, nilipanda kwa Mama Jin-gu. Nilimkuta uani anatia kabichi chumvi, kabichi nane tu, za mtu mmoja. Sikukaa. Nikamwambia yote, kuanzia viazi. Hakuacha kazi, alifungua jani, akatia chumvi, akafungua jingine. Nilipomaliza akasema, "Dada, umechanganyikiwa kwa msiba. Mimi nilivuka." Nikamwambia, "Hukuvuka, mama. Mtoto alikuwa na homa, hukutoka ndani." Akasema, "Nakumbuka nilivuka. Nakumbuka ndoo ilimwagika pale darajani, maji yakaingia kwenye kiatu. Nilikuwa nimefunga kitambaa changu chekundu." Nikamwambia, "Kitambaa chekundu hukuwahi kuwa nacho. Kitambaa nilikitunga mimi. Na ndoo niliitunga mimi."

Hapo ndipo aliacha chumvi. Akatazama mikono yake, kisha akasema, "Miaka ya mwanzo nilikuwa najua sikuvuka. Halafu siku moja nikakumbuka nimevuka, nikashukuru, maana angalau nilijua kosa langu ni lipi." Akajipangusa chumvi mikononi. Akasema tena, "Sasa kama sikuvuka, mume wangu alikufa kwa ajili ya nini?" Nikamjibu alikufa kwa ajili ya soya yangu, sina jibu jingine, na yeye hakucheka, nami sikusema ili tucheke.

Nilimwambia nitapiga magoti. Akasema, "Magoti yako ya nini, utanipa kazi ya kukuinua." Nikamuuliza anataka nini basi. Akasema, "Andika. Andika kama ulivyoniambia, na tarehe zake, usiweke mapambo. Soma mbele yao polepole, sikio langu la kushoto halisikii. Kisha nipe karatasi niitume Ansan." Nikamuuliza kama anataka nimwombe Jin-gu arudi. Akasema, "Usimwombe kitu. Asome tu wakati mimi niko hai." Kwa hiyo, Jin-gu, mwana wa Bang Sang-cheol, popote utakapoisoma hii, mimi Eom Bun-rye naandika kwa mkono wangu, na kidole gumba nimekigonga chini kwa wino, kwamba alfajiri ya tarehe 9 Novemba 1978 mama yako hakuvuka njia ya mtu yeyote, alikuwa ndani anakupoza homa kwa kitambaa cha maji, na kitambaa hicho kilikuwa cheupe.

Naomba sasa nitoe shukrani kwa niaba ya familia. Tunawashukuru madaktari na manesi wa wodi ya mapafu, hasa yule nesi mrefu aliyempa marehemu pichi la kopo kinyume cha amri, tunamshukuru mwenyekiti wa kijiji kwa ukumbi na kwa makaa ya jiko, tunawashukuru majirani waliopika supu tangu juzi, mama mwenye duka aliyetoa pombe ya soju bila kuombwa, wenzake marehemu wa handaki namba mbili, na wabebaji wanane mtakaolibeba jeneza kutoka gari linapoishia hadi kaburini, mdogo kuliko wote kati yenu ana miaka sitini na saba, nendeni taratibu. Kama kuna mbebaji ambaye baada ya kusikia haya mabega yake yamekataa, aseme sasa, hatutamlaumu, marehemu tutamvuta kwa kamba na trekta la kabichi. Na nyinyi wajane wanne mliobaki kati ya kumi na mmoja, mlioko meza ya mbele, mkasi ule mliushika nyinyi lakini mimi ndiye niliyewapa, kwa hiyo sina la kuwaambia, kiti kilicho wazi katikati yenu mnakiona, na aliyeko mlangoni mnamwona, magoti yake na yenu yana umri mmoja.

Ukurasa wa Jae-hyeok unamalizia kwa kumtakia marehemu mapumziko mema na amani, kama ilivyo desturi. Mapumziko naweza kukutakia, mdogo wangu, umechoka, mapafu yako nimeyasikia. Lakini amani si yangu kuigawa, anayo mama wa watu aliyeketi pale, na jana nilipotoka uani kwake hakuniambia kama ataitoa au atabaki nayo. Lala tu kwanza, Chil-seong. Akisema neno nitakuletea mwenyewe, na mimi siko mbali.